Aliyeshika Kisu

Bi Mastura, aliyewapikia watu wa Shella harusi zao tangu enzi za kuni hadi enzi za gesi, alikuwa amelala nyuma ya kioo akipumulia mpira. Inspekta Mahira Bwanamkuu alisimama upande wa pili wa kioo hicho, hasira zimemjaa. Hasira zenyewe hazikuwa na pa kuangukia. Mwizi utamtia pingu, tapeli utamweka ndani. Kirusi utakifanya nini?

"Amezungumza?"

"Alfajiri alifumbua macho," alijibu Daktari Rufaida, aliyeisimamia wodi ile ya waliotengwa. "Akauliza nani ameosha sufuria zake. Kisha akapotea tena."

Mahira alicheka bila kutaka. Ndiye Bi Mastura huyo, sufuria kwanza, roho baadaye.

Majibu ya maabara yalikuwa yametoka jana, na tangu jana Malindi haikuwa na habari nyingine. Homa ya ndege. Ndiyo hiyo iliyofagia shamba la kuku la Monicah kule Ganda, na sasa imeruka kutoka kwa kuku ikaingia kwa binadamu. Na Bi Mastura hakuwahi kutia mguu Ganda. Aliletewa kuku jikoni kwake Ijumaa alasiri, wameshachinjwa na kunyonyolewa, wa harusi ya Jumamosi. Akawapasua, akawatoa matumbo, akawakatakata kwa mikono mitupu kama alivyofanya maisha yake yote. Jumamosi harusi ikaliwa, mji mzima ukaisifu pilau. Mahira mwenyewe aliifuata sahani ya pili.

"Nasi tuliokula?" aliuliza, mkono tumboni.

"Nyama iliyoiva haina neno, moto unaua virusi. Hatari ni kwa aliyewashika wabichi. Damu, manyoya, matumbo."

"Basi ngoja, daktari." Mahira aligeuka akakipa kioo mgongo. "Bi Mastura aliwapata wakiwa wamekufa na kuoshwa, na yuko hivi. Aliyewashika wakiwa hai, wagonjwa, wakimpigia mbawa na kumrushia damu usoni, yuko hali gani?"

"Sasa wajua kwa nini nimewaita polisi," alisema Rufaida. "Mtu huyo ameugua tayari, ama yuko njiani. Atadhani ni mafua. Atanunua vidonge dukani, atajifunika shuka, na mapafu yatajaa taratibu. Dawa ninayo hapa kabatini, na ikiwahi inafaa. Ikichelewa, sina ahadi. Niletee aliyeshika kisu, Inspekta. Nakuomba niletee leo."

Mahira hakuhitaji kuombwa mara mbili. Damu ilikwisha mchemka. Kutafuta muuaji alikuwa amekuzoea, lakini leo alitumwa kumtafuta mtu ili asife, na kazi hiyo ilimpanda kichwani kama kahawa kavu.

Alianzia chumba cha pili. Humo alitengwa Jedida, mwanamke wa Ganda aliyewanyonyoa kuku wale. Alikuwa mzima, dawa ilimuwahi, ila woga ulimkausha midomo. Walizungumza kwa simu, kila mmoja upande wake wa kioo.

"Ijumaa nani alichinja, Jedida?"

"Sikumwona uso. Mimi nilikuwa uani na maji ya moto. Mama Monicah alikuwa akinipitishia kuku juu ya ua, kapu kwa kapu, akaniambia nisitoke, maji yatapoa."

"Hukuona chochote?"

"Niliona mgongo. Ameinama, na kofia nyeupe kichwani. Kofia ya Kiislamu."

"Wakati gani?"

"Adhuhuri. Adhana ya msikiti wa Ganda ilikuwa ikilia, na njiani kimya kabisa, hata bodaboda hakuna."

"Sauti yake je? Alisema kitu?"

Jedida alifikiri. "Alikuwa akinong'ona. Kila kuku, ananong'ona. Nikajua anasoma dua yao."

Mahira aliitia kofia nyeupe moyoni, akashuka ngazi mbili mbili.

Chini alimkuta Daktari Dena, daktari wa mifugo, amekaa nyuma ya usukani wa gari lake la kazi, mabuti na maovaroli yamejaa nyuma. Dena alikuwa Mgiriama wa kucheka sana na kulala kidogo, na wiki hii hakuwa amelala kabisa. Utani wao na Mahira ulikuwa wa siku nyingi.

"Nasikia pilau ya Jumamosi uliifuata mara mbili," alisema Dena, Mahira alipoingia tu.

"Nani amekwambia?"

"Daktari mwenzangu alinitonya."

"Wewe pia uliifuata, gari lako lanuka bizari. Tia gari moto."

"Hilo gari naendesha mimi, Inspekta, na uliyeifuata mara mbili ni wewe," alisema Dena akicheka. "Mimi sikualikwa, ndiyo maana nasikia wivu." Wakaondoka.

Shamba la Monicah lilikuwa limezungushiwa utepe na kimya. Mabanda yalikuwa matupu, chokaa imemwagwa kila mahali. Jirani waliokuwa wakija kununua mayai kila asubuhi sasa walipita mbali, kanga puani. Monicah aliwapokea langoni. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, aliyeachiwa na marehemu mumewe banda moja bovu akalifanya shamba linalojulikana hadi Watamu. Mikono yake ilikuwa imelowa, na macho yake hayakutulia.

"Hapa pamebaki nini cha kuona?" alisema. "Dena amewamaliza wote."

"Nimemaliza waliobaki, mama Monicah," alisema Dena kwa upole. "Wengi waliondoka wenyewe."

Mahira hakuzunguka. "Ijumaa nani alikuchinjia?"

"Mpita njia."

"Yupi?"

"Mwislamu. Ana kofia nyeupe. Alisema anatoka Mambrui. Nilimwomba anichinjie, akakubali. Sisi huku twafanya hivyo siku zote, Inspekta, hilo walijua."

Alilijua. Nani wa pwani asiyelijua? Nyumba ya Mgiriama Mkristo ikitarajia wageni Waislamu, huitwa jirani Mwislamu, ama yeyote apitaye, akashika kisu, ili wageni wale bila wasiwasi. Huo ndio ujirani, na mtu hauulizi sana. Na kulikuwa na jambo la pili ambalo Mahira alilijua vilevile. Kuku akianza kulegea shingo, kila nyumba ya pwani hupigwa ukelele mmoja: mwahini kisu! Kwa sababu akifa mwenyewe ni kibudu, hana mlaji tena, kazi yote imepotea. Kwa hiyo kuku mgonjwa ndiye anayekimbiliwa na kisu kuliko kuku mzima. Ndivyo mama zake walivyofanya, na bibi zake. Haikumpitikia mtu kwamba kuna ugonjwa unaongoja mkono wa huyo mwenye kumwahi.

"Walikuwa wameanza kuanguka?"

"Asubuhi ile ile. Nilidhani ni kideri, kama mwaka jana. Na Bi Mastura alikuwa akiwangoja kuku wake. Ningefanya nini?"

"Ungenipigia simu," alisema Dena.

"Jina la mpita njia?" aliendelea Mahira.

"Sikumwuliza."

"Umempa mtu kisu na kuku wote wale, hukumwuliza jina?"

"Kuku wanaanguka, Inspekta! Wewe ungeuliza?"

Jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno, lakini Mahira hakupata nafasi ya kulitafuna, maana Monicah aliongeza haraka, "Labda ni mtu wa Zuhair, yule muuza kuku wa sokoni. Ndiye anayenunua kuku wangu siku zote. Huenda alimtuma."

"Ndugu yako Ngumbao hakuwapo? Si ndiye mwendesha shamba?"

"Aliondoka Ijumaa mapema. Ana matanga Matsangoni."

"Nipe nambari yake."

"Simu yake imezimika. Kule kwa wenye msiba hakuna umeme."

Dena alimpeleka Mahira nyuma ya mabanda, wote wawili wamevaa maovaroli, glavu na barakoa. Pale paliachwa kama palivyokuwa, kwa amri yake: shimo dogo la damu iliyoganda ikawa nyeusi, na nyuma ya shimo, kwenye udongo uliokuwa tope na sasa umekauka, nyayo mbili za buti za mpira zilizozama sana. Mtu alichuchumaa pale kwa muda mrefu. Mahira alipiga picha, kisha akachuchumaa nyuma ya nyayo zile ili aone alichokiona mchinjaji. Alichoona ni jua. Lilimpiga machoni hadi akakinga mkono.

"Hata mimi jana lilinipofua hapo hapo asubuhi," alisema Dena.

Waliporudi walipita jiko la nje. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, majani ya muarubaini yakichemka, harufu chungu imeenea ua mzima.

"Ya nini hii, mama?"

"Dawa ya kuku. Ndiyo tunayowapa wakiwa na mafua."

Mahira aliitikia kwa kichwa. Ni kweli, kila mfugaji huwapa kuku muarubaini. Aliinua simu, akawapigia watu wake walioko Mambrui. Punde misikiti ya Mambrui ilikuwa ikitangaza kwa vipaza sauti: ndugu yetu yeyote aliyechinja kuku Ganda siku ya Ijumaa aende hospitali upesi, hana kosa, yuko hatarini. Polisi wakaingia mitaani, wazee wakabisha milango, kila mwenye kikohozi akaangaliwa mara mbili. Mji mzima ukawa wamtafuta mtu mmoja mwenye kofia nyeupe, kana kwamba Mambrui kuna uhaba wa kofia nyeupe.

Mahira na Dena wakakimbilia sokoni kwa Zuhair.

Zuhair alikuwa mzee mnene mwenye ndevu za hina, na alikuwa na hasira kabla hawajafungua mdomo. Tangu habari itoke hakuna aliyegusa kuku wake, nao walikuwa wazima na walitoka upande mwingine kabisa, na Dena mwenyewe alikwisha wapima.

"Shikamoo, ami Zuhair."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitia pingu ama kununua kuku? Maana wa kununua simwoni."

"Nimekuja kuuliza. Ijumaa adhuhuri ulituma mtu Ganda akachinje?"

Zuhair alimtazama kama aliyetukanwa. "Ijumaa adhuhuri? Binti Bwanamkuu, marehemu babako alikuwa akinipokonya nafasi safu ya mbele, na wewe waja kuniuliza Ijumaa adhuhuri nilikuwa wapi? Duka limefungwa! Vijana wangu wote msikitini! Hata paka wangu ajua kwamba saa hiyo hapa hapachinjwi."

"Samahani, ami. Ni kazi."

"Kazi njema. Na huyo mama Monicah mwambie aache kunisumbua. Alinipigia simu saa hiyo hiyo, imamu apanda mimbari, simu yanitetemeka mfukoni. Nilipotoka nikampigia. Ati alitaka mtu wa kuchinja upesi. Nikamwambia sasa nakuletea. Akasema basi, yamekwisha."

Mahira alisimama wima. "Alikupigia wewe?"

"Mara tatu, nne. Simu hii hapa."

Monicah hakusema neno juu ya simu hizo. Alisema labda Zuhair alimtuma mtu, ilhali alijua kwa masikio yake kwamba Zuhair hakutuma. Lakini kama si mtu wa Zuhair, basi ni nani?

Wakati huo akaingia mteja, bibi mmoja asiyeogopa chochote duniani, akaashiria jogoo mwekundu. "Huyo. Nikifa nimekufa."

"Huyo ndiye mtu!" alifurahi Zuhair. Akamkamata jogoo, akamkanyaga mbawa kwenye sakafu ya saruji kandokando ya mfereji, na bila hata kufikiri akamzungusha, yeye na jogoo wake, wakaelekea ukuta wa nyuma. Akanong'ona, akapitisha kisu.

Mahira alikuwa ameuangalia ule ukuta wa nyuma. Kisha akautazama mlango, uliokuwa umejaa mwanga wa baharini.

"Ami," alisema taratibu. "Mbona umezunguka?"

"Eh! Nimezunguka kibla! Mtoto huyu vipi leo? Kibla si kule?" Zuhair aliashiria kwa kisu, kaskazini, upande wa Mto Sabaki. "Ulitaka nimchinje akitazama bahari?"

"Subhanallah," alisema Mahira. Akamshika Dena mkono wa shati akamvuta nje bila hata kuaga.

"Nini? Nini?" Dena alikuwa akijikwaa.

"Pale shimoni. Jua lilitupiga wapi?"

"Machoni."

"Jua la asubuhi, Dena! Linatoka wapi?"

"Baharini... Mulungu wangu."

"Aliyechuchumaa pale alitazama mashariki. Kibla hapa kwetu ni kaskazini, mtoto wa chuoni wa miaka mitano anaijua. Si Mwislamu yule! Ni mtu aliyesikia tu kwamba Waislamu huelekea mahali, akadhani ni jua linakotoka."

Walikwisha ingia garini. Dena alitia moto huku mlango wa Mahira ungali wazi.

"Lakini Jedida aliona kofia."

"Kofia yanunuliwa popote. Na Jedida alituambia mwenyewe, nami nikasikia kwa sikio moja likatokea la pili! Ijumaa, adhana yalia, njia nyeupe. Mwislamu mwenye kofia yake, anayepita karibu na msikiti saa hiyo, awache swala ya Ijumaa akachinje kuku wa mtu asiyemjua? Yuko wapi huyo? Nimemtafuta Mambrui nzima mtu ambaye hakuzaliwa!" Alijipiga paja. "Na buti za mpira. Mpita njia wa Mambrui avaa buti za mpira? Zile ni buti za shamba."

"Ngumbao," alisema Dena.

"Ngumbao."

"Lakini yuko Matsangoni."

"Ile sufuria ilikuwa motoni, Daktari. Yachemka. Kuku umewazika wewe mwenyewe, hakuna hata mmoja aliye hai. Muarubaini ule ulikuwa wa kumfukiza nani?"

Dena alikanyaga mafuta hadi gari likalia, na Mahira akampigia Daktari Rufaida. "Tia dawa begini, daktari. Ambulensi ije Ganda, kwa Monicah. Mtu wako hakwenda popote. Yuko palepale nilipopiga picha asubuhi."

Walishuka wakivaa barakoa na glavu. Monicah alikuwa amesimama langoni kama aliyekuwa akiwangoja, ameshika nguzo mbili za lango kwa mikono miwili.

"Mmesahau nini?"

"Ngumbao yuko wapi?"

"Nimekwambia, Matsangoni—"

"Mama Monicah. Zuhair amenionyesha simu zako. Ulitafuta mchinjaji, hukumpata. Hakuna mtu wa Mambrui. Ngumbao ndiye aliyechinja, na sasa anaumwa, na wewe unamfukiza muarubaini. Yuko wapi?"

"Hayuko."

"Kila dakika unayonidanganya, anailipa yeye."

Monicah alifumba macho. Mahira aligeuka akayatazama mabanda. Matupu, meupe kwa chokaa. Kisha akaona, juu ya bati la chumba kidogo cha mwisho, moshi mwembamba.

"Dena! Kile chumba ni cha nini?"

"Cha vifaranga. Huwashiwa makaa wapate joto." Dena alikitupia macho kile chumba. "Vifaranga ndio waliotangulia kufa."

Walikimbia. Monicah alikimbia nyuma yao akilia, "Ana baridi! Alikuwa akitetemeka kwa baridi, na hapa ndipo penye joto!" Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje. Mahira alilivuta, na hewa nzito ya makaa na muarubaini ikamtokea usoni hadi ikapenya barakoa. Dena alilipiga teke dirisha la mbao likaanguka nje, akaliburura jiko la makaa hadi uani.

Ngumbao alikuwa amelala juu ya magunia, mablanketi matatu juu yake. Mwanamume aliyejulikana Ganda nzima kwa kubeba magunia mawili ya chakula cha kuku kwa mpigo, sasa alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, midomo imeiva kijivu. Kwenye msumari, juu ya kichwa chake, ilining'inia kofia nyeupe. Matone madogo ya damu iliyokauka yalikuwa ukingoni.

"Yuko hai," alisema Mahira, aliyepiga magoti kando yake. "Ngumbao! Wanisikia?"

Monicah alibaki mlangoni, hathubutu kuingia. Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, kama aliyefungua bomba. "Kuku walikuwa wakianguka mbele ya macho yetu. Zuhair hapokei simu. Bi Mastura angoja. Nikamwambia Ngumbao, vaa ile kofia, wewe si umewaona wakichinja mara ngapi? Tukichelewa ni vibudu vyote. Yeye alikataa, Inspekta! Alikataa mara mbili, nikamlazimisha mimi. Jumatatu akaanza kukohoa. Nikasema ni mafua tu. Kisha nikasikia ni ule ugonjwa, nikasema, nikimpeleka hospitali wataulizana alivyoupata, na watu wa Shella watajua tumewalisha haramu. Harusi nzima! Wazee, mashekhe! Wangesema nini? Wangeninunulia hata yai?"

"Ukaona heri afe?"

"Niliona atapona!" alipiga kelele Monicah. "Nilimwomba Mungu kila saa kwamba atapona!"

Mficha maradhi, wazee walikwisha sema, na kila mtu alikuwa akiyajua maneno yanayofuata. Hakuna aliyethubutu kuyamalizia mle ndani.

King'ora kilisikika barabarani. Daktari Rufaida aliingia akiwa amevaa kila kitu cha kuvaa, akasukuma watu, akamfunga Ngumbao oksijeni, akamsikiliza kifua, akamnywesha dawa kwa kijiko huku amemshika kichwa. Alichukua muda mrefu kumeza. Alimeza.

"Akifika wodini sasa hivi ana nafasi," alisema. "Ngoja ngoja hapana. Machela!"

Ngumbao alifumbua macho. Aliona kitambaa cha kichwa cha Mahira juu ya barakoa, akajua ni nani aliye mbele yake, maana Mwislamu humjui kwa kofia tu. Akaisukuma oksijeni kando kwa mkono usio na nguvu.

"Nilisema Bismillahi," alinong'ona. "Dada, kila kuku. Sikuruka hata mmoja. Nilisema Bismillahi."

Mahira aliinama. Alimrudishia oksijeni usoni polepole. "Nimesikia," alisema. "Jedida pia alikusikia. Sasa nyamaza upumue."

Machela ilikuwa nzito, mlango mwembamba, na aliyekuja na ambulensi alikuwa mmoja. Rufaida alishika mtungi wa oksijeni, Dena na yule wa ambulensi wakashika kichwani. Mahira alishika mguuni upande mmoja. Upande wa pili haukuwa na mtu. Jirani walikuwa wamesimama nje ya utepe, wanatazama, hakuna anayekuja. Mahira alitoa glavu na barakoa ya akiba mfukoni, akamnyooshea Monicah.

"Vaa hizi. Nawe waenda hospitali, umemuuguza siku zote hizi."

Monicah alivaa, lakini alirudi nyuma hatua moja. "Wewe usimshike, Inspekta. Wewe ni Mwislamu. Hujui ni nini alichowalisha watu wenu."

"Najua, mama Monicah. Nilikuwako harusini." Mahira aliibana machela vizuri kiganjani. "Nilikula mapaja mawili, na ukoko juu yake, na nilikuwa nimekwisha anza kutafuta la tatu. Asiyejua hana dhambi. Hayo mengine wewe na mimi tutakwenda kuwaeleza watu wa Shella pamoja, na watatutukana pamoja. Lakini kwanza shika huo upande, tumtoe ndugu yako."

Monicah alisogea kwenye machela. Kisha akainama, akashika.